Kelele za Siku ya Kwanza: Wasaidizi wa NFL Waliokabidhiwa Timu za Vyuo

Makocha watatu. Majina yabaki mfukoni kwanza.

Wa kwanza alipotambulishwa, mashabiki walibaki wanatazamana. Walikuwa wanamsubiri mtu mwingine kabisa, kipenzi chao, wakaletewa kocha anayefundisha yale mabaunsa ya mstari wa mbele. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 11, akashinda moja. Moja tu!

Wa pili alipotangazwa, ofisi ya michezo ya chuo ilifurika simu na barua pepe za malalamiko. Jamaa alikuwa ameshatimuliwa na timu mbili za NFL, na chuo chenyewe kilimkumbuka baada ya wengine watatu kushindikana.

Wa tatu alipokelewa kama mfalme. Alikuja na pete tatu za Super Bowl mkononi na ya nne ikiwa njiani. Kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, chuo kikamwongezea mkataba wa miaka 10.

Sasa bashiri. Mmoja wao alikaa kazini zaidi ya miaka 25. Mmoja alitwaa ubingwa wa taifa. Na mmoja kibarua kiliota nyasi, chuo kikaendelea kumlipa kwa miaka mingi akiwa hayupo. Ni nani na nani?

Kwanza, mchezo wenyewe

Mpira unaozungumziwa hapa ni ule wa Kimarekani, wenye mpira wa umbo la yai, kofia ngumu na mabega ya bandia. Kule, timu ya chuo kikuu si kitu cha kupoteza muda baada ya vipindi. Viwanja vya Michigan, Penn State na Ohio State vinaingiza watu zaidi ya 100,000 kila kimoja. Kwenye majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo.

Kwa hiyo kocha akitimuliwa, jimbo zima linahemea juu juu. Mkurugenzi wa michezo wa chuo ana njia kama tatu. Anaweza kumnyakua kocha mkuu wa chuo kingine. Anaweza kumpandisha msaidizi aliyeko ndani. Au anaweza kupiga hodi NFL, ligi ya kulipwa, akamchomoa msaidizi kwenye benchi la ufundi la timu kubwa.

Njia hiyo ya tatu ndiyo yenye mvuto. Mashabiki wa Ligi Kuu ya England wanaijua habari hii: Desemba 2019 Arsenal ilimchukua Mikel Arteta kutoka pembeni mwa Pep Guardiola, na hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu popote. Wazo ni hilohilo. Amekaa na fundi, bila shaka ameiba ufundi.

Tatizo ni kwamba kazi ya msaidizi wa NFL na kazi ya kocha mkuu wa chuo ni vitu viwili tofauti.

Msaidizi wa NFL ana kipande chake. Kuna anayefundisha wapokeaji wa pasi, kuna wa mstari wa mbele, kuna wa kwotabeki, yule mrusha pasi ambaye timu nzima inamtegemea. Juu yao kuna wakuu wawili, mmoja wa mashambulizi na mmoja wa ulinzi. Wanashinda na video na ubao usiku na mchana. Wachezaji wanaletwa na uongozi wa klabu, wakiwa watu wazima wenye mikataba. Msaidizi hambembelezi mtu.

Chuoni ni kubembeleza mwanzo mwisho. Kocha anasafiri hadi nyumbani kwa kijana wa miaka 17, anakaa kwenye kochi na mama yake, anakula alichoandaliwa, anaahidi kwamba mtoto atacheza na pia atahitimu. Akitoka hapo anakwenda nyumba nyingine. Kwa miaka mingi kikosi kilikuwa na nafasi 85 za ufadhili wa masomo, wakati timu ya NFL ina wachezaji 53. Sheria za chama cha michezo ya vyuo, NCAA, zinabana muda wa lazima wa mazoezi na mechi usizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Mchezaji akifeli darasani, hachezi. Halafu kuna matajiri wanaochangia chuo, nao wanataka simu zao zipokelewe.

Na kalenda nayo ni mtihani. Zamani vijana walikuwa wanamwaga wino mwanzoni mwa Februari, siku chache tu kutoka Super Bowl. Msaidizi mwenye timu nzuri anajikuta anatakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Aliyenyimwa kiti akaenda chuoni

Mfano uliowapa watu hamu ni Bill Walsh. Alikuwa msaidizi wa Cincinnati Bengals tangu 1968, chini ya mzee Paul Brown. Brown alipostaafu baada ya msimu wa 1975, Walsh alitegemea kupewa timu. Kiti kikaenda kwa msaidizi mwingine, Bill Johnson. Walsh akafungasha, akafanya kazi mwaka mmoja San Diego Chargers, na 1977 Chuo Kikuu cha Stanford kikamkabidhi timu yake.

Hakuwa mgeni pale. Miaka ya 1960 alishawahi kuwa msaidizi hapohapo Stanford. Msimu wa kwanza alishinda mechi 9, wa pili 8, na yote miwili akashinda mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, zile wanazoziita bowl. Mwaka 1979 San Francisco 49ers wakamchukua, akawapa Super Bowl tatu.

Kuanzia hapo kila mkurugenzi wa michezo alikuwa na ndoto ya kumpata Walsh wake. Wengi walisahau kitu kimoja. Stanford ilimpata mtu aliyekuwa anajua kubembeleza vijana kabla hajaenda NFL.

Iowa: mechi 11, ushindi mmoja

Sasa jina la kwanza. Mwaka 1998 mzee Hayden Fry alistaafu Iowa baada ya misimu 20. Mashabiki walikuwa wanamtaka Bob Stoops, kijana aliyewahi kuichezea Iowa na aliyekuwa moto wa kuotea mbali kama msaidizi wa ulinzi kule Florida. Stoops akaenda Oklahoma. Iowa ikamtangaza Kirk Ferentz, kocha wa mstari wa mbele wa Baltimore Ravens.

Ilivyofuata ilikuwa mateso. Mwaka 1999 Ferentz alishinda mechi 1, akapoteza 10. Mwaka 2000 alishinda 3, akapoteza 9. Na mwaka huohuo wa 2000, Stoops alitwaa ubingwa wa taifa na Oklahoma. Hebu jiweke kwenye viatu vya shabiki wa Iowa. Ex wako ameolewa na tajiri, wewe nyumbani huna hata sukari.

Lakini Ferentz alikuwa na siri ambayo si siri. Kabla ya NFL alikuwa msaidizi wa Fry palepale Iowa kuanzia 1981 hadi 1989. Alijua kwamba jimbo lile la mashamba halizalishi mastaa kwa wingi, na kwamba mastaa wa majimbo mengine hawaoti kuhamia kule. Dawa ilikuwa kuchukua vijana wasioonekana na kuwafundisha mpaka waonekane. Dallas Clark alijiunga na timu bila ufadhili, akiwa mlinzi. Wakamhamishia ushambuliaji. Mwaka 2003 alichaguliwa raundi ya kwanza kuingia NFL.

Msimu wa 2001 ulikuwa ushindi 7. Msimu wa 2002, ushindi 11, na kwenye ligi yao ya Big Ten hawakupoteza hata mechi moja. Chuo kilivumilia, na uvumilivu ukalipa. Ferentz hakuondoka. Mwaka 2025 alimpita Woody Hayes wa Ohio State na kuwa kocha mwenye ushindi mwingi zaidi katika historia ya Big Ten.

Los Angeles: simu za malalamiko

Jina la pili ni Pete Carroll. Ili kuelewa hasira za mashabiki wa USC mwaka 2000, lazima ujue kilichotangulia. Kocha waliyekuwa wamemtimua, Paul Hackett, alikuwa ametolewa NFL, akiwa mkuu wa mashambulizi wa Kansas City Chiefs. Misimu mitatu, ushindi 19 na vipigo 18. Kwa chuo kikubwa kama kile, ni aibu.

Yaani walikuwa wameshaumwa na nyoka, sasa wanaletewa jani lenye mistari. Mkurugenzi wa michezo, Mike Garrett, aliwafuata kwanza Dennis Erickson, Mike Bellotti na Mike Riley. Ikashindikana. Akamgeukia Carroll, ambaye hakuwa hata msaidizi kwa wakati ule. Alikuwa kijiweni. Miaka ya nyuma aliongoza ulinzi wa 49ers, na kama kocha mkuu alitimuliwa na New York Jets baada ya msimu mmoja, kisha na New England Patriots baada ya mitatu. Aliyerithi kiti chake Patriots anaitwa Bill Belichick.

Mwaka wa kwanza, 2001, ulikuwa ushindi 6 na vipigo 6. Wazomeaji wakasema si tuliwaambia.

Kisha Carroll akafungua milango. Mazoezi yakawa kama sherehe, Snoop Dogg na Will Ferrell wakawa wanaonekana pembeni mwa uwanja. Ule uchangamfu ambao NFL waliuona ni utoto, vijana wa miaka 17 waliuona ni maisha. Sebuleni kwa wazazi alikuwa hatari. Kusini mwa California kuna vipaji kama mchanga, na Carroll aliwazoa.

Mwaka 2002 USC ilishinda mechi 11. Na hapa historia ikafanya mambo yake. Januari 2003, kwenye Orange Bowl, walikutana USC na Iowa. Carroll upande huu, Ferentz upande ule. Wawili ambao siku ya kwanza hawakutakiwa. USC ikashinda 38 kwa 17, lakini kwamba wote wawili walikuwa pale ilikuwa jibu tosha kwa waliopiga simu.

Msimu uliofuata USC ilitangazwa bingwa na kura ya shirika la habari la AP. Ule wa 2004 ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Oklahoma ya Stoops, 55 kwa 19. Ndiyo, Stoops yuleyule.

Mwisho wake haukuwa msafi. Januari 2010 Carroll aliondoka kwenda Seattle Seahawks. Juni mwaka huohuo NCAA ikaiadhibu USC kwa sababu ya fedha na zawadi ambazo staa Reggie Bush na familia yake walipokea. Miaka miwili bila mechi za bowl, nafasi 30 za ufadhili zikakatwa, ushindi kadhaa ukafutwa, na baadaye ubingwa wa 2004 ukafutwa pia. Kocha alikuwa ameshapata kazi nyingine. Waliolipa ni vijana waliobaki.

South Bend: mfalme na pete zake

Anabaki wa tatu, Charlie Weis. Alisoma Notre Dame, na alikuwa mkuu wa mashambulizi wa Patriots kipindi Tom Brady anageuka kutoka kijana aliyechaguliwa wa 199 hadi kuwa jina la dunia. Ndiyo, Brady yule aliyekuja kuwa mume wa mwanamitindo Gisele Bündchen.

Kabla yake Notre Dame ilikuwa na Tyrone Willingham, kocha mkuu wa kwanza mweusi wa chuo hicho katika mchezo wowote. Naye alipitia njia ileile. Alikuwa msaidizi Minnesota Vikings, Stanford ikamchukua, na Januari 2000 akaifikisha Rose Bowl, mahali ambapo Stanford haikuwa imefika kwa miaka 28. Notre Dame alianza na ushindi 8 mfululizo mwaka 2002. Mwisho wa 2004, baada ya misimu mitatu tu, akaonyeshwa mlango. Chuo kilimtaka Urban Meyer, Meyer akachagua Florida, na ndipo Weis akapigiwa simu.

Weis alitangazwa Desemba 2004. Wiki zilizofuata alikuwa mtu wa kazi mbili, mchana Patriots, usiku simu za vijana wa Notre Dame. Februari 2, 2005 vijana wakamwaga wino. Februari 6, Patriots wakatwaa Super Bowl. Pete ya nne hiyo.

Oktoba 2005 Notre Dame ilikutana na USC ya Carroll, bingwa mtetezi. Ikapoteza 34 kwa 31 dakika za lala salama. Kupoteza kwenyewe kulionekana kama ushindi, na haikupita mwezi, Weis akapewa mkataba mpya hadi 2015. Misimu miwili ya mwanzo alishinda mechi 9, kisha 10. Mashabiki mbinguni.

Halafu wachezaji wakongwe wakahitimu. Wengi wao walikuwa wamesajiliwa na Willingham. Mwaka 2007 Notre Dame ilishinda mechi 3 na kupoteza 9, ikafungwa na Navy kwa mara ya kwanza baada ya ushindi 43 mfululizo dhidi yao. Novemba 2009 Weis akatimuliwa. Jumla: ushindi 35, vipigo 27. Fidia ya kuvunja ule mkataba ilifika karibu dola milioni 19, na chuo kiliendelea kuilipa kidogo kidogo mpaka 2015.

Weis hakuwa mjinga wa mpira. Hilo hakuna anayelibishia. Ubaoni alikuwa hatari. Lakini kikosi cha chuo kinabadilika kila mwaka, na aliyekupa ushindi leo mwakani ana shahada yake na ameondoka. Kazi ni kujaza pengo kabla halijaonekana.

Na swali ambalo watu wengi waliliuliza Marekani halikujibiwa vizuri. Kwa nini Willingham alipewa misimu mitatu, na Weis akapewa miaka 10 kwa mechi chache tu?

Siku ambayo pete haikusaidia kitu

Mwingine kutoka Patriots ni Bill O'Brien. Januari 2012 alikubali kwenda Penn State, chuo kilichokuwa kimechafuka kwa kesi ya Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa zamani aliyenyanyasa watoto kingono. Naye alianza kwa kazi mbili, mpaka Patriots walipofungwa Super Bowl Februari ile.

Julai NCAA ikashusha rungu: faini ya dola milioni 60, miaka 4 bila mechi za bowl, nafasi za ufadhili kupunguzwa, na kila mchezaji ruksa kuhama mara moja bila adhabu. Fikiria wewe ndiye kocha. Hakuna mchoro wa ubaoni unaotibu hilo. O'Brien alikaa na wachezaji, mmoja mmoja, akiwaomba wabaki. Baadhi waliondoka, lakini wengi walibaki. Walianza kwa kufungwa mara mbili, wakamaliza na ushindi 8 na vipigo 4. Baada ya msimu wa pili alirudi NFL, akiwa kocha mkuu wa Houston Texans. Lakini timu ilikuwa bado ipo.

Leo mambo yamegeuka

Kuanzia Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina na sura zao. Kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kuhama kumekuwa rahisi. Yaani chuo kimeanza kufanana na NFL, chenye bajeti ya mishahara na meneja mkuu. Ndiyo maana majina ya NFL yanapigiwa chapuo upya. Lakini hata sasa jina peke yake halitoshi. Belichick mwenyewe, mwenye Super Bowl sita kama kocha mkuu, alianza North Carolina Septemba 2025 kwa kufungwa na TCU 48 kwa 14.

Na wapo wanaokimbia kinyume. Mapema 2024 Jeff Hafley aliacha ukocha mkuu wa Boston College akaenda kuwa msaidizi Green Bay Packers. Alichagua mpira, akaacha kubembeleza.

Mwisho wa 2025 Stanford, chuo kilekile cha Walsh, ilirudi NFL tena. Ikamchukua Tavita Pritchard, kocha wa kwotabeki wa Washington Commanders. Jina geni kwa wengi. Lakini Oktoba 2007 Pritchard alikuwa kwotabeki wa Stanford, anaanza mechi yake ya kwanza ugenini dhidi ya USC ya Carroll. Wacheza kamari waliipa USC faida ya pointi 41. Mikeka ilichanika siku ile, Stanford ikashinda 24 kwa 23. Kocha wa Stanford alikuwa Jim Harbaugh, naye aliyewahi kuwa msaidizi NFL. Ila Harbaugh aliondoka Raiders akaanzia chuo kidogo cha San Diego kwa misimu mitatu, akajifunza kazi yote, ndipo akapanda.

Kama Pritchard ataweza, hilo ni la muda. Ila historia imeshaonyesha kwamba makofi ya siku ya kwanza hayajui kitu, na miluzi pia. Aliyepigiwa makofi alilipwa akae nyumbani. Waliozomewa walikutana Orange Bowl.

Sasa wewe ndiye mkurugenzi wa michezo. Mezani kuna mwenye pete nne, na kuna kocha wa mabaunsa ambaye hakuna anayemjua ila aliwahi kuishi na vijana wako miaka tisa. Simu unampigia nani? Na akishinda mechi moja kati ya 11, utamwacha arudi mwaka wa pili?